Barazani kwa Bibi: Kesi ya Mbwa

Jamaa zangu wa hapa Uingereza, wa Maskati, wa Dubai, na wa nyumbani Unguja ambao kitabu hiki huwafikia kwa mkono wa msafiri. Mwaka jana barazani tulizungumza habari ya mkate wa kumimina na oveni za umeme. Mwaka huu nina kesi ya kujibu. Simu zimepigwa, tena nyingi, na swali ni moja tu: Bibi, ni kweli umefuga mbwa ndani ya nyumba?

Ni kweli. Jina lake Kashata, uzito wake kilo 6, na ana kifafa.

Mjukuu wangu ninayekaa naye hapa Portsmouth alikuwa akienda kila Jumamosi kusaidia katika nyumba moja ya kutunza mbwa waliotupwa. Siku moja akarudi analia. Kuna mbwa mdogo, akasema, watu wamemchukua mara mbili na mara mbili wamemrudisha, kwa sababu huanguka. Nikamwuliza, huanguka vipi? Akanieleza: hukakamaa, miguu ikapiga kama anaogelea, povu likamtoka, mkojo ukamtoka, kisha akaamka hajui yuko wapi. Nilikuwa namenya muhogo. Nikaweka kisu chini.

Wakubwa mnaosoma hapa mnajua nilimkumbuka nani. Shangazi yetu wa chumba cha uani, kule Ng'ambo. Alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kata yake ya maji, na havikuchanganywa na vyombo vingine. Sisi watoto tuliambiwa akianguka tukimbie, maana povu lake likikugusa nawe utaanguka. Harusini hakupelekwa. Alikuwa fundi wa kushona kofia kuliko wote nyumbani, na kofia zake zikivaliwa na watu waliokataa kula naye sinia moja.

Basi nikamwambia mjukuu, kamlete.

Najua mnangoja neno la najisi. Mimi nimezaliwa Mshafi'i na uzeeni sibadili madhehebu, ingawa Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo Kashata ana chumba chake cha nyuma, bakuli zake na taulo zake, na ndoo ya udongo safi iko mlangoni. Ninaposalia hafiki. Watu wa Pangoni nao walikuwa na mbwa wao, na ametajwa katika Kurani, kwa hiyo msinione wa kwanza.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwa mbwa kifafa cha namna hii mara nyingi huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6. Hakiponi, bali hutulizwa. Kashata hupewa kidonge cha fenobabitoni saa moja asubuhi na saa moja usiku, saa 12 baina yao, wala haifai kukiacha ghafla, kwani kuacha ghafla kwaweza kuleta kuanguka kubaya zaidi. Wiki za mwanzo alipepesuka kama mlevi, akanywa maji kama ngamia, akakojoa kila pahali, na njaa ikamshika hata akaniibia sambusa tatu za futari. Baadaye akatulia. Damu yake hupimwa kila baada ya muda, kutazama kiasi cha dawa na hali ya ini. Bima hailipi hata peni, kwa kuwa ugonjwa ulimtangulia kuja kwetu. Tunalipa sisi.

Nilimwuliza daktari wa wanyama kama dawa hii ni ya juzi juzi. Akasema imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na walioanza kupewa ni watu. Jioni ile mjukuu akanisomea habari za Mahenge, kule Tanganyika, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kutibu watu wa kifafa kwa dawa hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shangazi wakati huo alikuwa hai, yuko chumba cha uani. Usiku ule sikulala vizuri.

Sasa niwaeleze ya Idi, maana wengine mliyasikia kwa kupinduliwa. Nyumba ilijaa. Watoto wakafungua mlango wa nyuma, Kashata akatoka mbio, na palepale ukumbini akaanguka. Kanzu zikapandishwa, mabuibui yakakusanywa, kila mtu ukutani. Mkubwa mmoja akapaza sauti: "Kijiko! Mtieni kijiko menoni!" Mimi magoti yangu hayaniharakishi siku hizi.

Aliyepiga magoti ni binti wa mpwa wangu, mwenye miaka 16. Akasukuma kando meza ya kahawa, akazima taa na televisheni, akatazama saa yake. "Msimshike. Msitie kitu mdomoni. Ulimi haumezwi." Tukangoja. Akasema ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupita saa 24, huyu wa kupelekwa kwa daktari mara moja. Haikufika dakika 2. Kashata akaamka, akazunguka zunguka akijigonga ukutani, kisha akajilaza.

Mtu akamwuliza yule binti, umejulia wapi yote haya? Akajibu, bado kapiga magoti: "Mwalimu wangu hunifanyia hivi hivi."

Mama yake alikuwa kasimama mlangoni na sinia la pilau mikononi. Miaka 3 alificha, hata sisi hatukujua. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, tulikaa jikoni wawili. Aliogopa maneno ya watu, aliogopa posa zitakapokuja. Kisha akainamisha kichwa akasema nyumbani kwake kikombe cha binti yake kiko mbali na vingine, na yeye mwenyewe hajui nani alimfundisha hivyo. Nikamwambia najua mimi.

Nimemwomba binti ruhusa kabla ya kuandika. Akasema, "Andika, Bibi, ila jina langu usitie."

Kikao cha ukoo mwaka ujao ni kwangu, inshallah. Kashata atakuwa chumba cha nyuma na mlango sasa una komeo. Asiyetaka kumwona hatamwona. Ikigonga saa moja usiku nitawaacha kidogo nikampe dawa yake. Vikombe msilete. Nimenunua dazani nne, vyote vya namna moja.