Titi Limetolewa, Mionzi ya Nini? Uliza Tezi Ngapi

Kuna msemo unazunguka huku mitandaoni na kwa vikundi vya WhatsApp vya familia: "Si titi lishatolewa? Sasa mionzi ni ya nini? Hao wanataka pesa tu." Nimeuskia mpaka nimechoka. Leo naujibu.

Wasee, daktari wa upasuaji anatoa kile anachoona na kukifikia. Chembe za saratani zinaweza kubaki kwa ngozi ya kifua, kwa kovu, au kwa tezi za limfu karibu na kwapa na shingo. Mionzi inafuata hizo zenye kisu hakikufika.

Lakini pia si kila mwanamke anaihitaji, na hapa ndipo wale wa "kila mtu aende" nao wananiudhi. Sehemu kubwa ya jibu iko kwa karatasi moja: ripoti ya patholojia. Inasema uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, ni mkali kiasi gani, na tezi ngapi za kwapani zilikutwa na saratani.

Mnataka ushahidi? Mwaka wa 2014 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 22, wanawake 8,135 waliotolewa titi. Kwa wale waliokutwa na saratani kwa tezi moja hadi tatu, miaka 20 baadaye saratani ya matiti ilikuwa imeua kama 42 kati ya 100 waliopata mionzi. Bila mionzi, 50 kati ya 100. Hao ni watu wanane kwa kila mia. Waendee watoto wao uwaambie ilikuwa biashara. Na wale ambao tezi zao zilitolewa vizuri zikakutwa safi? Mionzi haikuwaongezea kitu.

Hao walitibiwa zamani, kati ya 1964 na 1986, wakati dawa zilikuwa hafifu. Mwaka wa 2025 yakatoka matokeo ya utafiti wa SUPREMO: wanawake 1,607 wa hatari ya kati, wenye matibabu ya kisasa. Baada ya miaka 10, waliopigwa mionzi ya kifua na wasiopigwa walikuwa hai karibu sawa, kama 81 au 82 kati ya 100 kila upande.

Kwa hivyo mwenye tezi nne au zaidi, madaktari hawabishani sana: mionzi inapendekezwa. Mwenye tezi mbili leo ana haki ya kukaa chini na daktari wajadiliane. Hiyo haki haipatikani kwa uvumi, na haipatikani kwa amri ya "nenda kesho uanze."

Sasa weka pesa hapo. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 400,000, zikiisha unaongezewa 150,000, kwa nyumba nzima, mwaka mzima. Hizo zilikuwa za kemo na mionzi. Anayepigwa mionzi asiyoihitaji anauza ng'ombe bure. Anayeikwepa akiihitaji anaweza kulipa na maisha. Wote wawili wameangushwa na kitu kimoja: hakuna aliyewasomea ripoti yao.

Kwa hivyo nadai hivi: hospitali yoyote ikitoa titi, mgonjwa apewe nakala ya ripoti, na aelezewe kwa lugha anayoongea nyumbani. Si fadhila, ni mwili wake.

Na wewe unayempeleka mama au shangazi kliniki, uliza matatu. Tezi ngapi zilipimwa, na ngapi zilikuwa na saratani? Mionzi itapunguza hatari yake kwa kiasi gani? Na kama ni lazima, kwa nini siku 25, wakati tafiti za Uingereza zimeonyesha 15 zinatosha kwa wengi? Kwa mtu wa Lodwar anayelala Nairobi kwa jamaa, hizo siku 10 ni chakula, ni nauli, ni watoto wamebaki peke yao.

Ukishajibiwa, ndiyo uamue. Kabla ya hapo, hiyo "wanataka pesa tu" usiiforward.