Samaki wa Mchangani
Baadhi ya samaki wadogo wa Ziwa Nyasa hukaa penye mchanga. Huuchota kwa mdomo, huchuja vijidudu, kisha huutoa kupitia matamvua. Watoto wakitaka kuwafuga katika tangi la kioo, tuandae kwanza makao yanayowafaa.

Tuweke mchanga laini uliooshwa bila sabuni. Kokoto zenye ncha huwaumiza. Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 26. Hapa Tunduma mwezi Juni na Julai ni baridi, hivyo kifaa cha kupasha maji ni lazima. Kila wiki tubadilishe robo ya maji, si yote. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi.

Majike wengi hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi. Tukiona kidevu kimevimba naye hali chakula, tusikimbilie dawa, huyo analea. Tuwakataze watoto kugonga kioo, kwani akishtuka huweza kuyatema au kuyameza. Watoto watajifunza kwamba kufuga ni kutunza, si kutazama tu.