Je, Kuogelea ni kwa Wenye Feza Tu?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wazazi wa Bukavu hupokea karatasi ya malipo, na kila mwaka karatasi hiyo yazidi kurefuka. Kuna minervali, kuna feza ya bulteni, kuna feza ya mlinzi, kuna feza ya mitihani. Juzi tumeona mstari mpya katika karatasi ya shule moja ya mji huu, ambayo jina lake hatulitaji: feza ya kuogelea.

Aliyetuletea karatasi hiyo ni mama mjane, muuza sambaza katika soko la Kadutu. Alitaka tumsomee, kwani alidhani ni kosa la mwandishi. Si kosa. Shule ile haina bwawa lake. Yakodi bwawa la hoteli, nayo yataka wazazi walipe kodi ya bwawa, na ujira wa mwenye kufundisha, na gari la kupeleka watoto, tena kila mtoto awe na vazi la kuogelea na kofia ya mpira. Tulijumlisha pamoja na mama yule. Hesabu ikashinda faida yake ya majuma matatu. Akatuuliza: “Mwalimu, mimi nalisha watoto wangu kwa samaki wa ziwa hili. Sasa mtoto wangu hawezi kuingia majini mpaka nilipe?” Hatukuwa na jibu.

Mtoto wake hakufukuzwa, twakubali. Lakini siku ya kuogelea wenzake hupanda gari wakiimba, naye hubaki darasani pamoja na wengine wanne wasiolipa, wakinakili maneno ya ubaoni. Tangu hapo wenzake wamewapa jina: “watu wa nchi kavu.” Watoto hucheka upesi, na mtoto anayechekwa hasahau upesi.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kuogelea ni upuzi. Wapo wazazi wanaosema hivyo: kwamba kuogelea ni mchezo wa Wazungu na wa watoto wa Muhumba, na kwamba mtoto aliyetumwa kusoma asome. Hao nao wamekosa. Twasema kinyume chake: kuogelea ni jambo kubwa mno hata lisifae kuuzwa kama anasa.

Tutazame mahali tunapoishi. Mji wetu umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Ziwa Kivu lina kina cha mita karibu 480, na kando zake nyingi huteremka ghafula: hatua mbili maji ya magoti, hatua ya tatu hakuna chini. Majini ndiyo njia ya watu wa Idjwi, wa Kalehe na wa Minova waendao sokoni na muhogo wao, ndizi zao na mbuzi wao. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe, watu zaidi ya 100 wasionekane tena. Rais Félix Tshisekedi akaamuru kila abiria avae jaketi la kuokolea. Siku ya 3 Oktoba 2024 chombo kilichoitwa Merdi, kilichotoka Minova, kilipinduka mbele ya bandari ya Kituku huko Goma, watu wa ufukweni wakitazama. Vita vilikuwa vimeziba barabara, ndiyo sababu watu walijazana majini. Gavana wa Kivu Kusini alisema waliokuwa ndani ni watu 278, na waliokufa ni 78. Wengine walitoa hesabu nyingine. Lakini kwa mama anayezika mwanawe hesabu ni moja tu.

Na si kwetu peke yetu. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitangaza mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo vyao. Shirika hilo lashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea, kujihadhari na maji, na kumwokoa mwenzao bila kujiangamiza.

Sasa twauliza swali moja, nalo ndilo kiini cha maneno yetu. Ni nani anayezama katika ziwa hili? Ni mvuvi wa usiku. Ni mama wa soko aliyeketi juu ya magunia katika mtumbwi wenye mashine. Ni mtoto aliyetumwa kuchota maji na bidoni, kwa sababu bomba la mtaa wao limekauka. Hao ndio wazimao. Na ni nani anayefundishwa kuogelea? Ni mtoto ambaye baba yake ana gari, na akisafiri kwenda Goma hukaa katika meli nzuri yenye majaketi ya kutosha. Basi dawa yapewa mzima, na mgonjwa aambiwa alete feza kwanza. Je, hiyo ndiyo elimu?

Wakubwa wa shule watatujibu: “Bwawa lina gharama. Maji yake husafishwa kwa dawa, mwalimu hali hewa, gari halitembei bila mafuta.” Ni kweli. Hatumwiti mwizi mkubwa wa shule anayetafuta mshahara wa walimu wake. Twajua tulikotoka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliobeba shule za nchi hii mgongoni, nasi watu wa Kanisa tulikubali desturi hiyo, tukasema ni kwa muda tu. Muda huo ulidumu miaka zaidi ya 25. Katiba ya mwaka 2006 yasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure, lakini ilitubidi kungoja mpaka Septemba 2019 ndipo neno hilo likaanza kutimizwa. Na mwezi wa Februari 2025, M23 walipouingia mji huu, mabenki yalifunga milango, hata mwenye mshahara akakosa franga mkononi. Mzazi aliyepita katika hayo yote, hafai kuongezewa mstari mpya kana kwamba feza huota shambani.

Lakini kosa la hesabu ile liko mahali pengine. Nani amesema kwamba kuogelea hufundishwa katika bwawa la hoteli tu? Tuangalie wengine walivyofanya. Nchi ya Bangladesh ina maji kila upande, na watoto wake wengi walikuwa wakifa maji. Huko walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya mabwawa ya vijiji, wakafundisha maelfu na maelfu ya watoto, bila marumaru wala kofia za mpira. Na hapa Afrika ya Mashariki, kule Nungwi katika kisiwa cha Unguja, wasichana na akina mama wamefundishwa kuogelea baharini, wakivaa mavazi yanayowasitiri sawasawa na dini yao. Wao walitumia maji waliyopewa na Mungu. Sisi tuna ziwa zima mlangoni, nasi twakodi maji!

Hatusemi watoto wamwagwe ziwani kama bata. Ziwa letu lataka akili. Karibu na mahali mto Kawa unapoingia, maji yamejaa uchafu na plastiki za mji, hapafai. Upande wa kaskazini, kuelekea Goma, kuna mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini isiyoonekana wala kunuka, nayo imeua watu, hata waogeleaji. Basi yafaa mahali pachaguliwe pamoja na wavuvi wazee na watu wa afya. Papimwe kwa fimbo. Pazungushiwe kamba yenye bidoni tupu zinazoelea. Mtumbwi ukae karibu na mtu anayejua kuokoa. Watoto waingie kumi kumi, wahesabiwe wakiingia, wahesabiwe wakitoka. Ujira wa mwalimu huyo mmoja, parokia tatu au nne na shule zao zaweza kuuchanga. Vazi? Kaputula na singileti za mchezo zatosha.

Mwingine atasema: “Katika Merdi walikufa hata waliojua kuogelea.” Yawezekana. Chombo kilichopakiwa kupita kiasi ni kosa la mwenye chombo na la mkubwa wa bandari anayefumba macho, na kuogelea hakufuti dhambi yao. Majaketi lazima yawepo. Lakini aliyefundishwa kutulia majini kwa dakika kumi ameongezewa dakika kumi za kungoja mtumbwi wa kuokoa. Mfa maji haachi kutapatapa, wazee walisema. Na kutapatapa ndiko kunakommaliza.

Basi twaomba mambo matatu, nasi twayaomba kwanza katika shule zetu za kikatoliki, kwa maana Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliagiza kwamba shule za Kanisa ziwatunze hasa wale walio maskini. La kwanza: mstari wa kuogelea ufutwe katika karatasi ya malipo, na mwenye kutaka bwawa la hoteli alilipie nyumbani kwake, nje ya masomo. La pili: pasiwe na somo ambalo mtoto atoka darasani kwa sababu ya feza ya baba yake na mwenzake abaki kwa sababu ya umaskini wa mama yake. La tatu: kila parokia iliyo kando ya ziwa ianze, hata kwa watoto ishirini.

Someni sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Chombo cha Paulo kilipovunjika karibu na Malta, mlikuwa na watu 276, karibu sawa na hesabu ile ya Merdi. Yule akida wa Kirumi aliamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, wengine wafuate juu ya mbao. Wote wakafika nchi kavu, wafungwa na askari pamoja. Na Petro alipoanza kuzama, Yezu alimnyoshea mkono papo hapo. Hakumwuliza kama amelipa.

Mkono huo, ndugu zetu, leo ni wetu kuunyosha. Yule mtoto wa mama muuza sambaza angali darasani, akinakili ubao.