Elfu Tano na Wimbo wa Tatu

Ukikaa kantini yetu jioni ya Jumapili, hutakosa kuusikia ubishi huu. Mmoja anasema ibada ya kweli ni ile ya ukumbini: spika kubwa, kinanda, watu wanaruka mpaka mashati yanalowa. Mwingine anajibu kwamba hizo ni kelele, Mungu si kiziwi, ibada ni Misa tulivu, au liturujia na Tenzi za Rohoni mkononi. Wa tatu anawacheka wote wawili, anamaliza chai yake, anakwenda kulala. Mimi nimeongoza sifa kwa miaka miwili, kwa hiyo mnajua nilikuwa upande gani. Leo nasema ubishi wenyewe umekaa vibaya, na hilo nimejifunza kwa aibu.

Nikiwa mwaka wa pili, kikundi chetu cha kazi kilikuwa na watu saba. Kila mmoja alitoa shilingi 5,000 za kuchapa na kujalidi ripoti. Mimi nikawekwa mshika hela, maana walisema huyu mlokole hawezi kula pesa ya watu. Bumu lilikuwa limechelewa. Nikachomoa elfu tano, nikala chipsi mayai, nikaweka bando, nikajiambia nitairudisha. Sikuirudisha. Siku ya kukusanya kazi tukafika steshenari, hela ikapungua, wenzangu wakaniuliza kulikoni. Nikasema kuna dada mmoja kati yetu hajatoa. Kumbe alikuwa ametoa, tena wa kwanza, mkononi mwangu, bila karatasi wala ujumbe wa simu. Akanitazama, akafungua pochi, akatoa elfu tano nyingine. Hakusema neno.

Usiku ule tulikuwa na kesha, na mimi ndiye niliyeongoza sifa. Ukumbi ulitikisika. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya maigizo. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo: sikuwa naigiza. Nilihisi kabisa kwamba Mungu yupo pale na amependezwa. Katikati ya wimbo wa tatu nikamwona yule dada anachukua mkoba wake, anatoka nje.

Wengi wetu tunadhani ibada ya dhati ni ile inayokugusa. Ukilia, umeabudu, ukisinzia, hukuabudu. Lakini mimi niliguswa nikiwa na elfu tano ya mtu tumboni na uongo wangu haujamaliza hata siku moja. Hisia zangu zilikuwa za kweli, ila hazikuwa ushahidi wa chochote.

Nenda kamsome Amosi. Mchungaji wa Tekoa, karne ya 8 kabla ya Kristo, anafika Betheli, mahali pa ibada pa ufalme wa kaskazini. Hakukuta watu wavivu wa dini. Sadaka zilitolewa, sikukuu ziliadhimishwa, nyimbo na vinanda havikupungua. Ujumbe aliopewa ni kwamba Mungu amezichukia sikukuu zile na hataki kuzisikia nyimbo zile. Anachotaka ni haki itiririke kama mto usiokauka. Ukifika sura ya 8 unaona sababu. Wafanyabiashara wanangoja sabato iishe wafungue ghala, wapunguze kipimo, wachezee mizani, wamnunue maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Angalia vizuri: sabato waliishika! Duka lilifungwa. Lakini mtu yuko ibadani huku anapiga hesabu atakavyomwibia jirani kesho yake. Amosi hakuwaambia wabadilishe ala za muziki.

Yesu naye, katika Mathayo sura ya 5, anasema ukiwa umepeleka sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo nawe, iache palepale, ukapatane naye kwanza, ndipo urudi. Mimi nilikuwa nausoma mstari huu kama ushauri wa kusamehe walionikosea. Sivyo ulivyo. Aliyekosewa hapo ni yule mwingine, na mwenye kutakiwa kuinuka ni mkosaji. Tena fikiria mahali: waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kuacha sadaka pale, kurudi nyumbani kupatana na mtu, kisha kupanda tena, ni safari ya kuumiza. Mimi, kutoka bweni langu hadi la yule dada ni dakika tatu. Ilinichukua wiki tano.

Kwa hiyo tukirudi kantini: ngoma au kimya, yote ni sawa kwangu. Hata Kanisa Katoliki, katika hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1963, lilikubali kwamba muziki wa asili wa kila taifa una nafasi yake katika ibada. Na yule mwanamke Msamaria kisimani alipouliza ni mlima upi ufaao kuabudia, hakujibiwa kwa kuchaguliwa mlima. Alijibiwa kuhusu roho na kweli. Sisi roho tunaipenda mno, maana inachangamsha. Kweli ndiyo tunayoikimbia.

Najua mtu ataniuliza: basi tusiabudu mpaka tuwe watakatifu? Hapana, tutakaa nje wote. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 aliingia hekaluni na dhambi zake zote, na akatoka amekubaliwa. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye alizitaja. Mimi nilizifunika kwa wimbo. Ibada safi haidai mtu asiye na doa. Inadai mtu asiyemficha Mungu kile ambacho Mungu tayari anakiona.

Hapa chuoni, tusidanganyane, jambo hili lina sura zake. Ni yule anayefungua kikao kwa maombi halafu anaweka jina lake kwenye kazi ambayo hakuandika hata sentensi moja. Ni anayesali asubuhi ya mtihani huku karatasi ya majibu iko kwenye soksi. Ni sisi tunaokesha na spika zimeelekezwa mabwenini wiki ya mitihani, wakati wenzetu, Wakristo na Waislamu, wanajaribu kulala au kusoma. Tukiombwa kupunguza sauti tunasema shetani anapinga kazi ya Mungu. Jamani, huyo ni jirani yako, ana mtihani saa mbili asubuhi!

Baada ya wiki tano nilikwenda. Nilimpa elfu kumi. Akachukua elfu tano, nyingine akanirudishia, akasema hana haja ya faini, yeye anataka jina lake lisafishwe. Nikawaandikia wote kwenye grupu la darasa kwamba yule dada alilipa mara mbili na mwizi ni mimi. Wengine walicheka, wengine waliniita mnafiki, na walikuwa na haki. Kisha nikamuuliza kwa nini alitoka usiku ule. Akasema, "Kaka, uliimba vizuri sana. Ndiyo maana nikatoka."

Sijaombwa tena kuongoza sifa, nami sijaomba. Ninakaa safu ya nyuma, sauti yangu ya kawaida tu. Yule dada amerudi kwenye ushirika tangu mwezi uliopita. Hatuketi pamoja, ila tukikutana mlangoni tunasalimiana.