Paye Haina Kadi ya Chama

Ndugu zangu, huku mwisho wa reli tuna ugonjwa mmoja. Ukitaja kitu chochote chenye harufu ya serikali, hata kama ni bei ya sukari, kabla hujamaliza sentensi unaulizwa: "Kwani wewe ni wa chama gani?"

Juzi nilikuwa kijiweni Ujiji, kahawa mkononi, nawasikiliza jamaa zangu wawili wakibishana. Mmoja mwalimu wa sekondari, mwingine yuko ofisi ya umma mjini. Mada: nani alituletea Paye ya asilimia 9. Mmoja anasema Magufuli. Mwingine anasema Zitto. Saa nzima! Kahawa imepoa, sauti zimepanda, mpaka muuza kashata kasimama kusikiliza. Nikawauliza swali moja tu: jamani, kila mmoja wenu anakatwa shilingi ngapi kwa mwezi?

Kimya.

Hawajui. Wanajua nani apigiwe makofi, ila hawajui wanalipa nini. Na hata hiyo 9 wanayoigombea ilishaondoka tangu 2021, sasa ni 8. Hapo ndipo nikaona niandike, maana hawa si wajinga. Ni wasomi, kama mimi na wewe. Wamefundishwa kuitazama kodi kwa miwani ya chama, na miwani hiyo haionyeshi tarakimu.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 2010 kiwango cha chini cha Paye kilikuwa asilimia 15. TUCTA wakatangaza mgomo wa Mei 5, wakidai kima cha chini cha mshahara cha 315,000 na kodi ipunguzwe. Siku mbili kabla, Rais Kikwete akawaita wazee wa Dar es Salaam, akasema serikali haina uwezo wa kulipa hizo 315,000, na kama kura za wafanyakazi zinategemea hilo, basi. Mgomo ukayeyuka. Bajeti ya Juni ikaja na punguzo la asilimia moja, kutoka 15 hadi 14. Mwaka wa uchaguzi huo, kumbuka.

Kisha upinzani ukalichukua. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini na waziri kivuli wa fedha, alisoma bajeti mbadala iliyotaka kiwango cha chini kishuke hadi asilimia 9. CCM wakalikataa. Halafu wakaanza kushuka ngazi moja moja: 13 mwaka 2013, 12 mwaka 2014, 11 mwaka 2015. Mei Mosi 2016, pale Dodoma, Magufuli akatangaza 9. Namba ileile.

Sasa angalia utamu wa siasa zetu. Kodi hiyo ilipopitishwa Bungeni Juni 2016, Zitto hakuwemo ndani. Alikuwa amesimamishwa tangu mwisho wa Mei pamoja na wabunge wengine wa upinzani, kwa sakata la Januari la matangazo ya moja kwa moja ya Bunge. Na wenzao waliobaki walikuwa wanatoka ukumbini kila siku kumsusia Naibu Spika. Yaani hoja ya upinzani imepitishwa na chama tawala, na wenye hoja wako nje ya mlango! Huku Kigoma tukashangilia kila mtu na upande wake. Wa kijani wakasema baba katoa. Wa zambarau wakasema wametuibia sera.

Hakuna aliyeuliza ni shilingi ngapi.

Haya, ngoja niulize mimi. Toa kalamu. (Hesabu hizi ni za kiasi kinachobaki baada ya kukatwa mchango wa mfuko wa pensheni, maana ndicho kinachotozwa kodi.) Mwaka 2016 mshahara hadi 170,000 ulikuwa haukatwi kodi. Ile asilimia ya chini ilihusu kipande cha kati ya 170,000 na 360,000 tu. Kipande hicho ni 190,000. Asilimia 2 ya 190,000 ni shilingi 3,800. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya juu kabisa ya ile Mei Mosi. Mwenye mshahara wa 200,000 alipata shilingi 600. Mia sita! Hata kipande cha mgebuka pale mwaloni Kibirizi hupewi.

Mei Mosi 2021, Mwanza. Rais Samia akatangaza 9 kwenda 8. Makofi, vifijo, vuvuzela. Wakati huo kipande cha chini kilikuwa kati ya 270,000 na 520,000, yaani 250,000. Asilimia 1 yake ni 2,500 kwa mwezi, na hapo ni kwa mwenye mshahara wa 520,000 au zaidi. Wa 300,000 alipata shilingi 300. Sijakosea kuandika. Mia tatu kwa mwezi.

Sasa nikuonyeshe punguzo ambalo halina mwenyewe. Bajeti ya 2020 haikugusa asilimia 9. Iligusa mipaka. Kiasi kisichokatwa kodi kikapanda kutoka 170,000 hadi 270,000, na ngazi nyingine zote zikasogezwa juu. Matokeo yake? Mwenye 300,000 alikuwa anakatwa 11,700, akaanza kukatwa 2,700. Amepona 9,000 kila mwezi, mara thelathini ya ile zawadi ya Mwanza. Mwenye 1,000,000 alikuwa anakatwa 182,100, ikawa 130,500. Amepona 51,600.

Nani anaikumbuka 2020 kwa hilo? Pale kijiweni hakuna aliyeitaja. Kwa nini? Kwa sababu huwezi kuimba "mipaka ya ngazi" jukwaani. Asilimia inaimbika. Asilimia ni kaulimbiu. Mipaka ni hesabu, na hesabu haina bendera.

Hii ndiyo hoja yangu, na naomba mnipige kwa hoja kama nimekosea: wanasiasa wetu, wa pande zote, wametufundisha kuitazama asilimia ili tusiitazame mipaka. Na mipaka ndiyo inayotula.

Inatulaje? Ile 270,000 haijasogea tangu Julai 2020. Bei zimesogea. Mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 4 kwa mwaka unaonekana mdogo, lakini unajizidisha. Kilichonunuliwa kwa 270,000 mwaka 2020, miaka mitano baadaye kilitaka karibu 320,000. Maana yake serikali imekuwa ikipandisha kodi kila mwaka bila kusoma muswada, bila mbunge kunyoosha mkono. Mimi hiyo naiita kodi ya kimya.

Mfano hai. Mei Mosi 2025, Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa umma kitatoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Asilimia 35.1. Ni jambo jema, nami sikatai. Ila toa mchango wa pensheni wa asilimia 5, kisha piga kodi. Kwenye 370,000 mfanyakazi alikuwa anakatwa 6,520. Kwenye 500,000 anakatwa 16,400. Mshahara umepanda kwa theluthi moja na ushee, kodi imepanda mara mbili na nusu. Huyu ni mtu wa kima cha chini! Aliyeongezwa kwa sababu tulikubaliana kwamba hela haimtoshi. Kwa nini mpaka haukusogezwa siku ileile?

Mtu ataniambia: "Hiyo ndiyo kodi bwana, kila mahali iko hivyo." Si kweli. Tuangalie Kanada, nchi ambayo wengi wenu mnaijaribia bahati ya viza. Kule ngazi za kodi ya mapato hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, kwa sheria, si kwa hisani. Na historia yake inafanana na yetu kuliko unavyodhani. Aliyeipigia debe kwenye uchaguzi wa 1972 alikuwa kiongozi wa upinzani, Robert Stanfield wa Conservative. Akashindwa uchaguzi. Serikali ya Liberal ikaichukua hoja yake kwenye bajeti ya 1973, ikaanza kutumika 1974. Halafu nani aliikata miguu? Conservative haohao, chama cha Stanfield, walipokuwa madarakani miaka ya 1980. Wakaamua ngazi zifuate mfumuko ule tu unaozidi asilimia 3. Liberal wakairudisha kamili mwaka 2000.

Umeona? Chama kilicholeta hoja ndicho kilichoivunja. Hata kwa wenzetu chama si dhamana. Kilichomwokoa mlipa kodi ni kwamba kanuni iliandikwa kwenye sheria, na aliyetaka kuivunja alilazimika kuivunja hadharani. Sisi hatuna cha kuvunjwa. Tuna mtu mmoja kwenye jukwaa mara moja kwa mwaka, na sisi chini yake tumekaa kama watoto wa Idi tunasubiri mkono uingie mfukoni.

Na bado nimewazungumzia wenye salari slipu tu. Twende Kibirizi.

Pale mwaloni kuna mama anauza dagaa. Tuseme anauza wa 20,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Mauzo yake ni milioni 6. Lakini mauzo si faida. Dagaa kawanunua, kalipa usafiri, wengine wamelowa mvua wakaharibika. Tuseme kila siku anabaki na 3,000. Kwa mwaka ni 900,000. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mauzo yakizidi milioni 4 umeingia kwenye kodi, na kati ya milioni 4 na 7, kama huna kumbukumbu za hesabu, unalipa 100,000. Zaidi ya asilimia 11 ya kilichobaki mkononi mwake!

Wakati huohuo mwajiriwa anayepata 270,000 kwa mwezi, yaani 3,240,000 kwa mwaka, halipi hata senti ya Paye. Simwonei wivu. Nauliza tu: kwa akili gani mwenye laki tisa analipa laki moja, na mwenye milioni tatu na ushee analipa sifuri? Na hiyo milioni 4 ni mauzo ya kama 11,000 kwa siku. Nani anauza dagaa chini ya hapo akala?

Halafu 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi. Miezi mitatu. Sibishii kufungwa, samaki wanahitaji kuzaliana, na mkikokota wavu mpaka mayai mtakula nini kesho. Lakini mlipa kodi wa mwaloni kodi yake inakadiriwa mwanzo wa mwaka na kulipwa kwa awamu. Ziwa likifungwa, makadirio nayo yafungwe yenyewe, siyo mpaka akapange foleni kujieleza. Umesikia mgombea yeyote akilisema hilo jukwaani? Mimi nimesikia nyimbo.

Sasa wapinzani msicheke, mko kwenye foleni. Mmekuwa mkitaja asilimia kwa sababu ni nyepesi kwenye bango. Kigoma hii iliwapa kura nyingi. Mwaka 2010 mkoa huu ulipeleka Bungeni wabunge wanne wa NCCR-Mageuzi, na Zitto kwa Chadema. Tulitaka watu wa kuhesabu. Baadhi yao leo wako CCM, na sioni hata mstari mmoja wa sheria ya kodi wenye jina la Kigoma. Na ninyi wa chama tawala, tangu 2020 Bunge ni lenu karibu lote, na uchaguzi wa 2025 haukubadilisha hilo. Kwa hiyo hamna wa kumsingizia. Kama mpaka wa 270,000 umeganda, mmeugandisha ninyi.

Najua jibu la Dodoma: "Serikali itapoteza mapato." Ndugu, huwezi kupoteza kitu ambacho hukuwahi kukiomba. Kama mnahitaji kodi zaidi kutoka kwa mwenye 500,000, leteni muswada, simameni, semeni: tunampandishia. Tuwaone mikono. Mkiona aibu kusema, basi mjue mnachofanya ni cha aibu. Na hapohapo mtueleze kwa nini asilimia 30 inaanzia milioni moja na haipandi tena, ili daktari wa 1,100,000 na bosi wa milioni 15 wagongane kwenye ngazi moja ya mwisho.

Mimi sitaki zawadi. Nataka vifungu viwili kwenye Sheria ya Fedha. Cha kwanza: kiasi kisichokatwa kodi na ngazi zote zipande kila Julai kwa kipimo cha mfumuko wa bei cha mwaka uliotangulia. Cha pili: mfanyabiashara mdogo asianze kutozwa akiwa na kipato cha chini kuliko mwajiriwa asiyetozwa. Basi. Havihitaji jukwaa, havihitaji bendi, na Mei Mosi tutabaki na nafasi ya kuzungumza mambo mengine.

Wale jamaa zangu wa kijiweni? Mwalimu alitoa simu, akafungua salari slipu yake, akaitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mwenzake wa chama kingine: "Kaka, hebu nione na ya kwako."

Mimi kwangu huo ndio mwanzo wa siasa. Naomba kuwasilisha.