Spesa: Pambo Linaloweza Kung'oa Gurudumu

Wakazi wa Nairobi wamezoea kulipamba gari kama bibi harusi. Tangu 1973, Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, vijana wetu wameyafanya magari kuwa uwanja wa michoro, muziki na majigambo. Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilileta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, lakini hamu ya urembo haikuzimika. Leo hamu hiyo imeyapata pia magari madogo. Twaona Subaru na Toyota zilizotumika Japani zikishushwa springi hadi tumbo likaribie lami, kisha zinatiwa spesa.

Kwa asiyeijua, spesa ni kisahani kinene, aghalabu cha alumini, kinachowekwa kati ya rimu na kitovu cha gurudumu ili kulisukuma gurudumu nje. Gari lililoshushwa, magurudumu yakibaki yamejificha ndani ya madigadi, huonekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto. Sioni dhambi kwa kijana kutaka gari lake lisimame vizuri. Ninacholalamikia ni kwamba spesa hununuliwa kwa macho, ilhali ni kitu cha kupimwa.

Pita Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, usikilize mapatano. Mara nyingi swali huwa moja tu: "Ni ya tundu tano?" Likijibiwa ndiyo, pesa hutolewa. Ni kweli kwamba Subaru Impreza nyingi zina tundu tano kwenye duara la milimita 100, na Toyota Wish hali kadhalika. Hivyo spesa ya Subaru huingia kwenye Wish bila ubishi. Kumbe kitovu cha Subaru kina upana wa milimita 56.1, na cha Wish 54.1! Pengo hilo la milimita mbili lamaanisha kwamba spesa haikumbatii kitovu. Ikikaa upande kidogo, usukani waanza kutetemeka, naye mwenye gari hulaumu tairi.

Isitoshe, nyuzi za bolti hazilingani. Kwa Subaru, nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 1.25, kwa Toyota ni 1.5. Spesa hiyo moja sasa yadai nati za aina mbili: za Toyota kuifunga kwenye gari, za Subaru kuifunga rimu juu yake. Nati zikichanganywa, hukwama kabla ya kufika, na fundi mwenye haraka hudhani zimekaza.

Unene

Spesa nyembamba, za milimita 3 hadi 5, hutumia bolti zile zile za gari, kwa hivyo hula sehemu ya uzi. Kipimo ni rahisi: kwa bolti ya milimita 12, nati ishike uzi usiopungua milimita 12. Hiyo ni mizunguko minane kwa Toyota, na kama kumi kwa Subaru. Hesabu kwa mkono kabla ya kutumia spana. Ikipungua, irudishe dukani.

Spesa nene huja na bolti zake. Hata hivyo, ya milimita 15 huweza kuziacha ncha za bolti za zamani zikichomoza na kuisukuma rimu, ila rimu iwe na vishimo vya kuzipokea. Ya 20 mara nyingi huondoa tatizo hilo, lakini hulitoa gurudumu nje zaidi, na kadiri litokavyo ndivyo mzigo wa beringi unavyozidi.

Matuta

Hapo ndipo barabara zetu hutoa hukumu. Gari linaloonekana safi likiwa limeegeshwa Westlands laweza kukatwa tairi na ukingo wa madigadi kwenye matuta ya Kawangware. Lipakie watu watano, livuke tuta polepole, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Likigusa, punguza unene au pandisha springi. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 au 100, ambao ni mwendo wa kufika Naivasha.

Huko Ujerumani spesa huenda pamoja na hati, na wakaguzi kama wa TÜV hulitazama gari kabla ya kuikubali. Kwetu, Sheria ya Trafiki, Sura 403, yakataza kuendesha gari lenye kasoro ya kuhatarisha watu, lakini askari aliye barabarani hawezi kuona kilichofichwa nyuma ya rimu. Mkaguzi wa kweli ni yule anayenunua na yule anayefunga.

Nao wakikosea, si wao peke yao watakaolipa. Gurudumu lililochomoka Waiyaki Way halina breki wala usukani. Laweza kuwafuata wanaongoja matatu kituoni Kangemi, watu wasiojua hata spesa ni nini. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kijana, kabla ya kuuliza bei, uliza upana wa kitovu.