Changarawe Haimalizi Mazutu

"Mazutu ikimwagika, ardhi inainywa." Kauli hii imezoeleka katika machimbo ya changarawe ya bonde la Ruzizi, na wanaoisema si wajinga: ni mafundi, madereva, hata wenye machimbo. Lakini ni uongo, na sisi wa Luberizi hatuna maji ya kuulipia.

Tazama mashine inavyojazwa. Kijana anainua bidoni la lita 20; mpare wake ni chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Mazutu inafurika, inateremka ubavuni mwa tangi, mawe yanang'aa. Anafukia doa kwa kiatu, kazi inaendelea. Pembeni, pipa la lita 200 limelazwa juu ya magogo mawili, koki yake inavuja. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita moja kwa siku. Mwaka hauishi, pipa zima limekwenda ardhini.

Mafuta hayo huenda wapi? Udongo wa mfinyanzi ungeyachelewesha. Changarawe ina nafasi kati ya jiwe na jiwe, ndiyo maana mvua haituami juu yake. Inakopita mvua, mazutu nayo hupita: chini hadi visimani, au pembeni hadi mtoni, kisha Ruzizi, kisha Tanganyika. Na klorini tunayotia kwa hofu ya kipindupindu haiiondoi.

Wengine hujibu: "Hii si esanse." Kweli, mazutu haishiki moto upesi. Kwa jirani zetu wa Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tangu hapo tunaogopa mafuta yanayowaka, na yale yanayozama kimya tunayaacha yazame.

Kinga si ghali. Pipa likae mbali na mto, ndani ya karo la saruji linalobeba ujazo wake na sehemu moja ya kumi zaidi: kwa lita 200, karo la lita 220. Liezekwe, mvua isilijaze. Mfuko wa vumbi la mbao uwe karibu, wa kufyonzea. Sheria ya mazingira ya Kongo, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inamtaka anayechafua alipe, lakini kisima kilichooza kwa mazutu hakirudishwi kwa faini.

Kesho kijana akiinua bidoni, atangulize beseni chini ya tangi. Na tajiri asiyetaka kulinunua beseni hilo asituambie tena kwamba ardhi inakunywa. Tunaokunywa ni sisi.